Kwa Gati, Niliyemwita Mchota Maji Tu

Gati mke wangu,

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu hii ndiyo lugha tuliyooana nayo. Kikuria chako sikukijua zaidi ya salamu na majina ya vyakula. Kijaluo changu wewe ulikijua vizuri kuliko ulivyokubali, hasa mama yangu alipokuwa akikuteta jikoni akidhani husikii. Lakini mambo yetu wenyewe, ya kupendana na ya kununiana, tuliyasema kwa Kiswahili chetu cha barabarani, na sioni sababu ya kubadilisha sasa.

Barua hii siitii kwenye bahasha. Nimemwambia Auma, binti yetu wa kwanza, aisome mbele ya wadogo zake na wajukuu wote, na anayetaka kuwaonyesha majirani awaonyeshe. Neno nililolisema Migori nililisema hadharani, watu wakisikia. Si haki niombe radhi chumbani.

Unalikumbuka lile gari? Nikiwaambia wajukuu kwamba baada ya Uhuru niliendesha gari lenye kitanda, jiko, sinki na tangi la maji safi, wananitazama kwa huruma. Lakini lilikuwepo. Lilikuwa la yule Mzungu mtafiti aliyekuja kuchunguza konokono wa majini, wale wanaoeneza kichocho, na watu wa Homa Bay wakambatiza Bwana Konokono kabla hajamaliza wiki. Gari lenyewe waliliita ot ma wuotho, nyumba inayotembea. Mimi nilikuwa dereva wake, shati jeupe, soksi ndefu hadi magotini, na kichwa kilichovimba kuliko hilo gari.

Siku ya kuniajiri Bwana aliniuliza kama nina mke. Nikasema sina, na wakati huo ilikuwa kweli. Akasema vizuri, kwa kuwa alitaka dereva wa kulala kwenye hema kando ya gari, leo Mbita, kesho Karungu, wiki ijayo Kegonga, si mtu wa kuomba ruhusa kila Jumamosi. Nililishika neno hilo nikaliweka moyoni, na ndilo lililokuja kuniharibia.

Miezi michache baadaye tulipiga kambi Kegonga, kwenu. Bwana akanituma nitafute maji ya kujaza tangi. Nikaonyeshwa chemchemi, nikashuka na debe langu jipya, nikapita wanawake wote waliokuwa wakisubiri nikaenda moja kwa moja mbele. Wewe ndiye uliyekuwa unateka.

"Laini inaanzia nyuma," ukasema bila kugeuka.

"Mimi ni dereva wa Bwana."

"Hata Bwana mwenyewe. Laini inaanzia nyuma."

Wanawake wakacheka, nami nikarudi nyuma nikiwa nimenywea. Tulipopanda mlima, debe langu lilinilowesha bega lote na nusu ya suruali. Lako lilikuwa kichwani, limejaa hadi mdomoni, na halikumwaga hata tone. Nikaona umelaza kitawi cha majani mabichi juu ya maji. Nikakuuliza ni cha nini. Ukacheka mpaka ukalazimika kusimama.

"Wewe hujui maji," ukaniambia. "Maji ikikosa kitu juu yake inacheza. Ukiiwekea majani inatulia."

Tulioana mwaka uliofuata. Baba yako hakufurahi kumpa Mjaluo binti yake, na mama yangu kule Rusinga hakufurahi kumpokea Nyar Kuria, binti wa Wakuria, kwa hiyo sisi wawili tukafurahi kwa niaba yao wote. Nikakupangia chumba Homa Bay. Nikajiambia nitamwarifu Bwana mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi ukafika nikaona bado, nikasubiri mwingine.

Halafu Bwana akatafuta mtu wa kumjazia tangi kabla ya kila safari, maana mimi nilikuwa na injini ya kushughulikia. Nikaona nimepata njia ya kukuona kila mara bila kusema lolote. Nikamwambia namfahamu mama mmoja Mkuria, msafi, mwaminifu. Nilipokueleza ulishika mbavu kwa kicheko. Asubuhi ya kwanza ulikuja na debe kichwani, ukapiga goti kidogo, ukasema, "Hujambo, bwana dereva," na mimi nikajibu, "Sijambo, mama," nikajificha chini ya boneti nicheke. Ulikuwa mchezo wetu. Nasema hivyo kwa kuwa mwanzoni ulikuwa mchezo kweli, na ningependa Auma na wadogo zake wajue kwamba tulicheka sana.

Kazi yenyewe haikuwa mchezo. Bwana hakutaka maji ya ziwa yakaribie tangi lake. Ulichota bombani, ukayachemsha uani kwetu debe baada ya debe, ukayaacha yapoe, kisha ukayabeba hadi garini. Ulifunga kitambaa cha pamba aina ya marekani kwenye mdomo wa faneli na kumimina polepole, mkono mmoja umeshika debe na mwingine umeshika kitambaa kisizame. Tangi lilikuwa chini ya kitanda na hukuweza kuliona ndani, kwa hiyo uligonga ubavu wake kwa kidole, ukianzia chini ukipanda juu, ukisikiliza mahali sauti inapobadilika. Debe la saba lilipoisha ulijua kabla hayajafurika. Mimi nilijaribu kugonga hivyo hivyo nikasikia bati tu.

Ulipopata mimba uliacha kucheka.

"Okeyo, utamwambia lini?"

"Safari hii ikiisha."

"Ulisema hivyo safari ya Mbita."

"Gati, nikifukuzwa tutakula nini?"

"Sisi tulikula kabla ya hiyo gari."

Nikajifanya nimekasirika, nikatoka. Nilikuwa hodari sana wa kutoka.

Ikaja ile safari ya Migori. Nilikuwa nimelalamika nyumbani, na hili nalijutia pia, kwa sababu wewe ulikuwa mtu wa kusikia malalamiko ukayafanyia kazi. Nilikueleza kwamba tangi likiwa limejaa gari halina neno, lakini likifika nusu, maji yanakimbia upande huu na huu, yanagonga bati, na kwenye kona yanalivuta gari mpaka mikono inaniuma. Ulinisikiliza huku ukinikanda mabega.

Safari hiyo ulikuwa unakwenda kwa mama yako Kegonga, akuone ulivyokuwa. Bwana alikubali mama wa maji apande hadi Migori. Ukakaa nyuma kwenye kiti cha pembeni ya kitanda, furushi lako la nguo mapajani, mimi na Bwana mbele. Njiani alisimama mtoni akaosha chupa zake zote kwa maji ya tangi, akalifikisha nusu. Nikajiandaa kwa vita. Kona ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Gari linakwenda limetulia hata Bwana akanisifu kwamba siku hizi naendesha vizuri, nami, mpumbavu mimi, nikakubali sifa. Kwenye kioo nilikuona unatabasamu ukitazama dirishani.

Tukafika Migori mchana. Tukaegesha mbele ya duka la Mzee Salim, yule mfanyabiashara Mwislamu aliyetuuzia blanketi letu la kwanza na kutuombea dua bila kuombwa. Ilikuwa siku ya soko. Watu wakalizunguka gari kama kawaida yao, kuona nyumba yenye magurudumu. Bwana akaingia kupika chai. Nikamsikia anakanyaga pampu ya sinki. Akakanyaga tena. Pampu ikakoroma. Kisha yakatoka maji kidogo, ya kijani, yakinuka majani yaliyoloana siku mbili.

Akaniita. Tuliinua godoro, nikafungua kifuniko cha kusafishia tangi. Nikatia mkono, nikatoa tawi. Nikatia tena, nikatoa jingine. Yalikuwa yamejaa humo ndani, mabichi, umeyachambua vizuri na kuyaosha, na vijani vilivyochanika vilikuwa vimeziba mdomo wa bomba. Bwana alitoka nje na tawi mkononi likichuruzika. Uso wake ulikuwa mwekundu, na tumbo lake, ambalo halikuwahi kuizoea nchi yetu, ndilo lililomtia hofu zaidi ya yote.

"Nani natia hii?"

Ungeweza kunyamaza. Watu walikuwa wengi, na hakuna aliyekuona. Lakini ulisogea mbele, furushi lako mkononi, tumbo lako mbele yako.

"Ni mimi, Bwana. Nimetia ili maji itulie. Inamchokesha dereva kwa kona."

Kuna waliocheka. Bwana hakucheka. Alikutazama, akanitazama mimi, akakutazama tena. Kisha akauliza polepole, kwa Kiswahili chake:

"Okeyo. Huyu mama ni nani yako?"

Gati, nimelirudia swali hilo katika kila barabara niliyoendesha tangu siku hiyo. Nilikuwa na muda. Watu hudhani maneno mabaya hututoka kwa ghafla. Langu halikunitoka kwa ghafla. Niliitazama soksi yangu, niliufikiria mshahara, nilifikiria kurudi Rusinga bila kazi, mama yangu aseme aliniambia. Nikakuona unanisubiri. Hukuwa na wasiwasi. Ulikuwa umeshainua kidevu kidogo, kama mtu anayejua ataitwa jina lake.

Nikasema, "Si mtu wangu, Bwana. Ni mchota maji tu."

Nikaongeza, na hili hakuna aliyeniuliza: "Hawa Wakuria hawajui magari."

Mzee Salim alikuwa mlangoni pa duka lake. "Okeyo," akasema, "maneno gani hayo?" Nikajifanya sikusikia. Nikarudi ndani ya gari, nikapiga magoti, nikaanza kutoa majani moja moja. Nikayatoa kwa uangalifu mkubwa sana, maana mradi mikono yangu ilikuwa tangini sikuhitaji kuinua uso. Nilipoinua, ulikuwa umekaa kwenye kiti mbele ya duka, mke wa Mzee Salim amekupa kikombe cha maji, nawe unakunywa ukitazama barabara ya Kegonga. Hatua arobaini, si zaidi. Sikuzitembea. Lori la mahindi likaja, ukapanda mbele na dereva, ukaenda.

Bwana hakukufukuza, ujue. Alisema tu tangi lioshwe mara tatu. Hakunifukuza na mimi.

Baada ya hapo nililijaza tangi mwenyewe. Nilichemsha maji nusu, nikayamwaga yakiwa moto, nikasahau kitambaa. Kila nilipogonga ubavu wa tangi nilisikia bati. Karibu miezi mitatu ilipita hivyo. Habari zako nilizipata kwa Mzee Salim, aliyenipa kama mtu anayemrushia mbwa mfupa: kwamba umejifungua salama, kwamba ni msichana, kwamba alitoka kifudifudi, na kwamba ulimwita Auma, jina ambalo sisi Wajaluo humpa msichana aliyezaliwa hivyo. Ulilikumbuka kutoka siku moja tu tulipokuwa tukitaniana majina. Pale kwenu, kati ya watu wenu waliokuwa wakikucheka kwa kuachwa na Mjaluo, ulimpa mtoto jina la upande wangu. Mzee Salim alipomaliza kuniambia alinigeuzia mgongo akaanza kupanga sabuni zake.

Siku hiyo hiyo nilimwendea Bwana. Alikuwa anahesabu konokono kwenye sahani. Nikavua kofia.

"Bwana, yule mama wa maji ni mke wangu. Ana mtoto wangu."

Hakuinua kichwa. "Mimi najua," akasema.

"Unajua tangu lini?"

"Siku mingi. Kila safari, wewe naangalia kioo mpaka kona. Mtu haangalii mchota maji mpaka kona." Ndipo akaweka sahani chini. "Pale Migori mimi nauliza ili wewe naseme. Wewe hapana sema."

Kisha akaniambia nichukue gari, nikulete, na kwamba dereva mwenye mke anayejua kujaza tangi namna ile ni bora kuliko dereva mseja. Hivyo tu. Hofu yote ile, Gati, haikuwa na kitu ndani. Nilikuuza kwa bei ya kitu ambacho hakikuwepo.

Nilikukuta chemchemini, pale pale, mtoto mgongoni. Ulinitazama kutoka kofia hadi viatu. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, na yalikuwa mazuri. Ukasema:

"Hujambo, bwana dereva. Umekuja kuchukua maji?"

Na mimi nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka! Nilidhani mchezo wetu umerudi, nilidhani umenisamehe ukaamua yaishe, na nilifurahi hivi kwamba maneno yangu mazuri nikayameza yote. Nikakuomba nimshike mtoto. Ukanipa. Baba yako alisema yake, nikayapokea kwa kichwa chini, tukarudi Homa Bay. Wewe hukulitaja tena neno la Migori hata siku moja, wala mimi. Nilidhani kutolitaja ndiko kulimaliza.

Tukaishi. Bwana aliondoka na konokono wake wakavu, mimi nikaendesha malori, tukajenga, tukazaa wengine, mama yangu akaja kukupenda kuliko mimi na kufia mikononi mwako. Ilikuwa ndoa njema. Sitaki mtu asome hapa afikiri uliishi kwa uchungu, maana ungenikatalia mwenyewe kwa sauti kubwa.

Lakini kulikuwa na jambo moja, na ni Auma aliyeniambia, baada ya kukuzika. Alisema, "Baba, uliwahi kuona Mama alivyokuwa akifanya wageni wakiuliza?" Nikamwuliza wakiuliza nini. Akasema popote tulipokwenda, kanisani, kwenye arusi, kwenye ofisi ya chifu, mtu akikuuliza mbele yangu, "Na huyu ni nani wako?" hukujibu. Ulinigeukia, ukangoja. Hata kama kimya kilirefuka hadi mgeni akaona haya, ulingoja mpaka mimi niseme ni mke wangu. Ndipo ulipompa mgeni mkono.

Miaka zaidi ya arobaini. Mimi nilidhani ni heshima. Niliwasifia marafiki zangu, nikasema mke wangu ana adabu, ananiachia nafasi ya kusema.

Sasa nataka nikuambie kilichotokea hospitali, kwa sababu sijui ulikijua kiasi gani. Ile asubuhi uliponituma nikanunue ndizi ambazo wote wawili tulijua hutazila, muuguzi alikuja na fomu. Yeye ndiye aliyenisimulia. Alikuuliza yule mzee anayekaa kando yako kila siku ni nani wako, aandike. Ulikuwa na nguvu ya kujibu, maana alisema sauti yako ilikuwa wazi. Ukamwambia, "Ngoja arudi. Atasema mwenyewe."

Nikarudi na ndizi. Alikuwa bado amesimama pale na kalamu yake, binti mdogo mwenye subira. Akaniuliza, "Mzee, wewe ni nani wake?" Nikajibu. Nilijibu kwa sauti iliyomfanya mgonjwa wa kitanda cha pili ageuke, sijui kwa nini nilijibu kwa sauti ile, wakati huo sikujua lolote kati ya haya. Ila macho yako yalikuwa yamefumba, na mkono wako ulikuwa mzito nilipoushika, na hukuamka tena. Sijui kama ulisikia. Muuguzi anasema wagonjwa husikia. Auma anasema ulisikia. Mimi naona wananionea huruma tu, Gati, kwa hiyo nimeandika hapa chini, pasomwe kwa sauti.

Mimi ni mume wako,
Okeyo